Kipengele cha Saba

Inspekta Opondo aliisoma barua ile mara tatu, na mara zote tatu ikakataa kuwa ya uongo.

Ilikuwa nakala ya kaboni, imepigwa chapa kwa Kiingereza cha ofisini, inamwarifu Bi. Bochaberi wa soko la Suneka kwamba mkataba wake wa kupanga nyumba ungevunjwa tarehe 30 Septemba 1968. Barua yenyewe ilikuwa ya tarehe 28 Juni. Nyuma yake mtu mwenye mwandiko mzuri alikuwa ameongeza kwa wino: "Nimemkabidhi mpangaji mkononi mwake, ndani ya nyumba, mbele ya tanuri, leo Ijumaa saa tano asubuhi. Abner Angwenyi, karani."

"Umemaliza?" akauliza Bochaberi. Mikono yake ilikuwa imezama katika unga hadi viwikoni na hakuwa na nia ya kuitoa kwa ajili ya polisi. "Sasa niambie, Bwana Inspekta. Hiyo ni barua au ni hadithi ya sungura?"

"Hukuipokea, mama?"

"Ningeipokea ningekuwa hapa nakanda? Ningekuwa kwa wakili tangu mwezi wa sita! Nimejua habari hii wiki iliyopita, Mzee Ombati, mwenye nyumba, alipokuja na kamba akaanza kupima kuta zangu. Nikamwuliza, mzee, unapima nini? Akasema anapima gereji ya mwanawe, akanipa nakala hiyo. Gereji! Humu ndani!" Akaupiga unga ngumi. "Wameighushi. Wameiandika juzi, wakaipa tarehe ya zamani. Wafunge."

"Tuchunguze kwanza."

"Chunguza, halafu uwafunge."

Konstebo Nyangate, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama juu darini ili asicheke. Yeye alikuwa mwenyeji wa milima hii na aliwajua akina mama wa aina ya Bochaberi. Opondo hakuwajua. Damu yake ilikuwa ya watu wa ziwani, lakini alizaliwa na kulelewa katika nyumba za reli Mombasa, na mila za watu alizijua kwa njia ya mafaili. Miezi minane sasa tangu ahamishiwe Kisii, bado alishangaa kwamba mvua ya huku hunyesha kila alasiri bila kuomba ruhusa.

Akafungua mkataba. Ulikuwa mpya, baada ya mingine ya awali, wa miaka mitano, kuanzia tarehe mosi Oktoba 1966. Vipengele sita vya kwanza vilikuwa vya kawaida, choo na paa na mbuzi wa majirani. Cha saba ndicho kilichomleta hapa. Kilisema kwamba yeyote kati ya wawili hao angeweza kuuvunja mkataba mwisho wa mwaka wa pili, mradi atoe notisi ya maandishi ya miezi mitatu kamili. Notisi ya mwenye nyumba ilipaswa kutiwa mkononi mwa mpangaji mwenyewe, ndani ya nyumba iliyopangwa. Siku ya mwisho ya notisi ikipita, mkataba ungeendelea hadi mwaka wa tano.

"Unaelewa, mama? Ni mlango mmoja, unafunguliwa mara moja. Kama barua ilikufikia mkononi kufikia tarehe 30 Juni, Jumatatu ijayo unahama. Kama haikukufikia, hata akuletee nyingine leo yenye mihuri ishirini, unakaa hadi 1971."

"Naelewa vizuri sana. Wewe ndiye huelewi." Bochaberi akautoa mkono mmoja na kuuelekeza nyuma yake. "Nyumba naweza kuhama. Lile nalo nitalibeba kichwani?"

Tanuri lilijaza ukuta wote wa nyuma. Lilikuwa la matofali, tumbo lake kubwa kama kitanda cha watu wawili, limeungana na nyumba kiasi kwamba hukujua lipi linashikilia lipi. Bochaberi alilijenga mwenyewe mwaka aliofiwa na mumewe, tofali kwa tofali. Ndilo lililomlipia bintiye Persis karo hadi akawa mwalimu kule Kenyenya. Shule nne na hospitali moja zilikula mkate wake. Hata mlango wake ulikuwa fahari: chuma kinene kutoka ubavuni mwa lori bovu.

"Nimekitia mwezi wa sita, tarehe kumi," alisema alipoona Opondo anakigusa. "Zamani kulikuwa na kipande cha bati tu, moto wote ulikuwa unatoka nje kunisalimia. Sasa tazama. Halafu mtu aje na kamba! Nitalala mbele ya hilo tanuri, Inspekta. Wakitaka kulibomoa waanzie kwangu."

Machozi yalimlengalenga, akageuka kuyafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na unga. Opondo aliona aibu, akajifanya anaandika.

Jirani ya ukuta kwa ukuta, Nereah muuza samaki, alikuwa amekwisha kuingia bila kuitwa. "Mimi nitasema ukweli tu, ndugu yangu," alianza. "Huyo karani Abner nilikuwa nampenda. Alikuwa akileta karatasi za mzee wake anaingia hapa, anakaa pale kwenye gunia, anapewa maganda ya mkate ya moto, tunacheka. Tangu mwezi wa tano, yawa! Haingii tena. Anasimama kule barabarani kama nguzo ya simu. Mama Persis akitokea, yeye anageuza uso, utadhani amefumaniwa."

"Tangu Mei? Una hakika?"

"Mimi nauza samaki mlangoni. Kazi yangu ingine ni kutazama watu."

Opondo akaandika katika kijitabu chake: *Karani. Dhamiri chafu. Amenunuliwa?* Akapiga mstari chini ya neno la mwisho, akaridhika. Kesi ilikuwa inajitatua yenyewe, alidhani.

* * *

Mzee Ombati alikuwa na ofisi ya chumba kimoja mjini Kisii, juu ya duka la nguo. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mrefu, amevaa koti la suti na viatu vya mpira vya shambani, na sauti yake ilizoea kuhubiri bila kipaza sauti.

"Karibu, Bwana Inspekta! Konstebo, keti! Mmekuja kunifunga? Nimesikia nimefungwa tangu asubuhi, soko zima linajua isipokuwa mimi."

"Tumekuja kuona taipureta yako, mzee."

"Hiyo hapo. Ina miaka kumi na sita, na haijawahi kusema uongo."

Opondo akaingiza karatasi tupu, akapiga sentensi nzima, akailinganisha na ile nakala kwa kioo cha kukuzia. Katika barua ya Juni, kila herufi t iliruka juu ya mstari. Katika karatasi yake, t zote zilikaa sawasawa.

"Mzee," akasema polepole, kwa raha ya paka aliyeona mkia, "barua hii haikupigwa kwa mashine hii."

"Imepigwa kwa hiyo hiyo. Unasema habari ya t? T ilikuwa mgonjwa. Nilimwita fundi." Ombati akapekua mtoto wa meza, akatoa stakabadhi ya karatasi ya waridi. Fundi mashine alikuwa ameandika: kunyoosha mkono wa t, kusafisha, kutia mafuta. Tarehe mosi Julai 1968, Jumatatu.

Opondo aliitazama stakabadhi kwa muda. Kisha akaomba jalada la barua za mwaka ule. Akapekua barua kumi na nne. T zote kabla ya Julai ziliruka. T zote baada yake zilitulia kama waumini.

"Basi mashaka yamekwisha," akasema, na haikumfurahisha. "Mtu hawezi kuirudisha t katika ugonjwa wake. Barua hii iliandikwa kabla ya tarehe mosi Julai."

"Si nilisema? Nilimwambia Abner aipige chapa Ijumaa ile ile, nikamtuma kabla wino haujakauka. Mimi sipendi kumtoa yule mama, sikiliza. Mkate wake ni mzuri sana. Mke wangu hununua sita kila Ijumaa. Lakini kijana wangu amerudi kutoka Nakuru na cheti cha umakanika, analala sebuleni kwangu, anatengeneza injini juu ya meza ya kulia chakula! Nifanye nini?"

"Na kwa nini mkataba unataka barua itiwe mkononi, tena ndani ya nyumba?"

"Kwa sababu ya mpangaji mmoja wa zamani," Ombati alinguruma. "Nilimpa notisi kwenye matanga. Akasema aliyepewa kitu kwenye matanga hahesabiwi kuwa amepewa. Nikashindwa! Safari hii nikamwambia wakili, andika mkononi, andika ndani. Nilibishana naye siku mbili nzima juu ya maneno hayo mawili."

* * *

Abner Angwenyi alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alijibu maswali akiwa wima kana kwamba yuko mbele ya darasa.

"Ulimpa?"

"Nilimpa, afande."

"Wapi?"

"Ndani ya nyumba, mbele ya tanuri."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa… anakanda."

"Alipokea kwa mkono gani? Wa unga au usio wa unga?"

Abner akatazama mikono yake mwenyewe. "Wa kulia, afande."

"Tanuri lilikuwa linawaka?"

"Linawaka."

"Mlango umefungwa?"

"Umefungwa, afande."

"Mlango wenyewe ni wa kitu gani?"

"Wa bati," akasema Abner upesi, akifurahi kupewa swali rahisi.

Opondo akafunga kijitabu. "Mlango wa bati ulitolewa tarehe kumi Juni, bwana karani. Siku kumi na nane kabla ya hiyo Ijumaa yako. Hukuingia katika nyumba ile."

Mzee Ombati akanyanyuka kitini. "Abner?"

Kijana akatazama viatu vyake. Opondo alitumia upole, akatumia ukali, akatumia kimya, mbinu zote tatu walizofundishwa katika chuo cha polisi Kiganjo, na hakuambulia kitu.

"Nani amekupa hongo? Mtu anayeuza mkate Kisii mjini? Kijana wa mzee anayetaka gereji?"

"Hakuna, afande."

"Basi tutakwenda Suneka, utanionyesha hatua kwa hatua ulivyompa. Landrova iko chini."

Abner akabadilika rangi. "Afande, hapana. Nifunge tu hapa hapa."

Katika miaka yake yote ya kazi Opondo hakuwahi kuona mtu akichagua selo badala ya duka la mkate. Akamshika mkono wakashuka. Ombati akawafuata kwa pikipiki yake, viatu vya mpira vikining'inia pande zote mbili.

* * *

Huko Suneka, Nyangate aliegesha gari ng'ambo ya barabara. Nje ya nyumba ya Bochaberi, chini ya mapaa, palikuwa na benchi, na juu ya benchi rundo la magazeti ya zamani ya kufungia mkate, limekandamizwa kwa jiwe. Harufu ilikuwa nzuri hata konstebo akameza mate.

"Haya. Onyesha."

Abner alivuka barabara. Alifika kwenye benchi akasimama. Opondo akamwambia aingie. Hakuingia. Akamwambia mara ya pili, na sasa kwa sauti ambayo ilimfanya Nereah ajitokeze na samaki mkononi. Wakati huo huo Bochaberi akatoka mlangoni akiwa na sinia la mikate, akasema, "Ni nani huko?"

Karani akageuka kama aliyechomwa, akaruka mtaro, akapotea nyuma ya migomba.

"Mshike!" Opondo akapiga kelele. "Pingu, Nyangate!"

Nyangate hakushika mtu. Alikuwa ameinama, amejishika magoti, anacheka hadi kofia ikamdondoka.

"Konstebo! Una wazimu?"

"Samahani, afande. Samahani sana." Akajifuta macho. "Lakini huyo hakimbii polisi. Umemwona? Polisi alikuwa nyuma yake muda wote, wala hakukimbia. Amekimbia alipotokea mama. Na tazama alivyosimama."

Opondo akatazama. Kati ya migomba Abner alikuwa amesimama wima, mgongo umeelekea nyumba, kichwa kimeinamishwa, mikono imekaa mbele. Hakuwa amejificha. Migongo ya watu wanaojificha Opondo aliijua.

"Ni heshima hiyo," Nyangate akasema. "Sisi tunaita *chinsoni*. Mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hampi kitu mkononi, hamtazami usoni, haingii hovyo nyumbani mwake. Hata kwenu ziwani iko, afande, ni vile wewe umekulia kwenye gari moshi."

"Mkwe? Mkwe wa nani? Mama huyu hana binti aliyeolewa."

"Bado hajaolewa." Nyangate akaacha kucheka, akapaza sauti kuelekea migombani. "Abner! Persis wa Kenyenya anajua kwamba uko hapa?"

Jani moja la mgomba likatikisika. Kisha sauti ndogo ikatoka: "Hajui."

Sinia la mikate likateleza mikononi mwa Bochaberi. Nereah akalidaka, akisema "Nyasaye wangu" kwa furaha isiyofichika.

Na hapo yote yakamwagika. Opondo alimhoji akiwa palepale, mgongo kwa nyumba, na lazima isemwe kwamba hakuwahi kuhoji mgongo kabla ya siku hiyo. Abner na Persis waliahidiana mwezi wa Mei. Wazee wa upande wake walikuwa waje kubisha hodi na kuposa Desemba, baada ya mavuno, na hadi hapo hakuna aliyepaswa kujua. Lakini yeye moyoni alikwisha kuwa mkwe. Angeingiaje tena kula maganda ya mkate? Ndipo Mzee Ombati akamtia barua mkononi na kumwambia akampe yule mama, mkononi mwake, ndani ya nyumba yake.

"Ningemkatalia mzee, angeuliza sababu," Abner alisema. "Ningeisema sababu, ingemfikia mama kabla ya wazee wetu. Nikaja hadi kwenye benchi. Nilimwona ndani amenipa mgongo. Sikuweza, afande. Miguu ilikataa. Nikaiweka hapo juu ya magazeti, chini ya jiwe. Nikajua ataiona atakapochukua gazeti la kwanza. Kisha mzee akasema niandike nyuma ya nakala kwamba nimempa. Nikaandika."

"Bila bahasha?"

"Bahasha ofisini kwetu hutolewa kwa maombi."

"Ni za kuhesabiwa," Ombati alisema kwa ukali kutoka juu ya pikipiki yake, kisha akakumbuka kwamba alikuwa amekasirika kwa jambo lingine. "Lakini basi barua ilifika! Aliiona! Mama Persis, uliiona!"

"Sikuona barua!"

"Iko wapi basi? Imeota mbawa?"

Swali lilikuwa zuri, hata kama muulizaji alikuwa amesimama upande usiofaa. Bila barua halisi, Jumatatu lingekuwa neno la mzee wa kanisa dhidi ya neno la mama, na karani aliyekwisha kudanganya katikati yao. Hakimu angeweza kusema aliiona, akaificha. Opondo alilisogelea benchi. Akainua jiwe, akachukua gazeti la juu, akalirudisha. Kisha akamgeukia Bochaberi.

"Mama, Ijumaa saa tano. Nini hutokea hapa?"

"Ijumaa? Vita hutokea. Wasabato hawapiki siku ya Sabato, kwa hiyo wote wanataka mkate Ijumaa kabla ya mchana. Nafungia mkate hata sioni vidole vyangu. Siku ya Ijumaa ungeniwekea hapo cheti changu cha ndoa, ningekifungia mkate."

"Karatasi ya juu ya rundo humwendea nani?"

"Anayekuja baada ya saa tano." Bochaberi akaanza kujibu bila kufikiri, kisha akafikiri. "Huyo hajawahi kubadilika. Ni Mama Jemimah. Mikate sita."

Opondo akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kila mtu akamgeukia Mzee Ombati, mume wa Jemimah, ambaye alikuwa amefungua mdomo na kuusahau wazi.

* * *

Nyumba ya Ombati ilikuwa juu ya kilima, mwendo wa dakika tano kwa gari. Kwenye meza ya kulia chakula palikuwa na injini, kama alivyosema. Jemimah, mama mnene mwenye macho ya kucheka, alianza kuandaa chai kabla hawajaeleza walichotaka, maana kwake polisi walikuwa wageni kwanza na polisi baadaye.

"Mama, karatasi za mkate huwa unazitupa?"

"Nitupe karatasi? Za gazeti huwashia moto. Zikiwa nzuri hutandika."

"Miezi mitatu iliyopita, ulipata moja nyeupe? Ngumu, ndefu?"

"Hiyo! Ilikuwa nzuri mno, nikaionea huruma." Akafungua kabati la vyombo, akaondoa vikombe sita kimoja kimoja. Rafu ya katikati ilikuwa imetandikwa foolscap nyeupe, kingo zake zimekatwa kwa mkasi kuwa mapambo ya pembe pembe. Katikati palikuwa na duara la mafuta la ukubwa wa mkate. Herufi t ziliruka kila mstari. Chini kabisa, kati ya alama mbili za vikombe, palikuwa na sahihi ndefu yenye mikia.

Ombati aliinama, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Jemimah," akasema kwa sauti ya mtu mgonjwa, "miezi mitatu nimekunywa chai juu ya notisi yangu?"

"Mimi Kiingereza sisomi, baba. Nilidhani ni tangazo la sabuni."

Opondo aliichomoa rafuni taratibu, akaihesabu vipande: barua moja, halisi, yenye unga uliokauka kwenye mikunjo. "Basi tujue ilikofika, mzee. Ilitoka ofisini kwako tarehe 28 Juni. Ikalala benchini, nje ya nyumba, si ndani. Mkono ulioigusa uliichukua kama karatasi ya kufungia, na haukupewa na mtu. Saa hiyo hiyo ikauzwa pamoja na mkate na kufika kwako. Mtu pekee aliyeipokea mkononi, akijua ameipokea, ni mkeo."

Mzee aliketi. Mtu angengoja angurume, na Nyangate tayari alikuwa ameshika kikombe chake vizuri. Lakini Ombati alikuwa mtu wa haki, hata pale haki ilipomuuma.

"Mkononi, ndani," akasema. "Maneno mawili niliyoyapigania mwenyewe. Ningemwachia wakili aandike 'ipelekwe' tu, leo nyumba ingekuwa yangu." Akapumua kwa nguvu. "Akae. Akae hadi sabini na moja, na mikate yake. Jemimah, mwambie kijana aondoe injini yake juu ya meza, tumepata gereji: iko uani."

* * *

Walirudi sokoni jua likiwa bado juu. Opondo alimwambia Bochaberi kwa maneno machache kwamba tanuri lake halina wa kulibomoa. Yule mama aliweka viganja vyote viwili juu ya matofali ya moto akalia kwa sauti, na Nereah akalia pamoja naye, kisha wakacheka, kisha Nereah akasema alijua tangu mwanzo.

"Limebaki moja," Opondo akasema. Akatoa fomu ya malalamiko. "Mlalamishi ni wewe, mama. Barua haikughushiwa. Lakini ushuhuda ulio nyuma yake ni wa uongo, na ulikaribia kukutoa hapa. Ukisema tuendelee, kijana atakwenda mahakamani. Ukisema tuache, unatia sahihi hapa."

Bochaberi akajifuta uso. Nje, kando ya benchi, Abner alikuwa amesimama akitazama barabara, mgongo kwa mlango. Alikuwa anasikia kila neno.

"Konstebo," mama akasema, macho yake kwa Nyangate, "muulize huyo mtu: kipengele hicho cha saba alikuwa anakijua?"

Nyangate akamgeukia mtu aliyekuwa hatua tatu kutoka kwao. "Anauliza kama ulikijua."

"Mwambie nilikipiga chapa mimi mwenyewe. Nilijua barua isiyotiwa mkononi haina nguvu."

"Basi muulize kwa nini akaandika kwamba ameitia mkononi."

Safari hii Abner alijibu kana kwamba anaongea na barabara. "Mwambie niliogopa kazi. Ningefukuzwa, wazee wangepeleka mahari gani Desemba? Nikajiambia mama ameisoma, atakwenda kwa wakili, wakili ataishinda. Sikujua hakuiona. Nilipojua, wiki iliyopita, nilikuwa nimekwisha kuandika. Mwambie ni kosa langu. Mwambie sina neno jingine."

Bochaberi akakung'uta unga mikononi. Hasira ilikuwepo, ilionekana shingoni. Usiku saba alikuwa ameliaga tanuri lake kwa sababu ya mistari miwili ya mwandiko mzuri.

"Mwambie nimekasirika," akasema. "Mwambie kabla Jumapili haijafika aende Kenyenya, amweleze Persis yote, kama alivyonieleza mimi, wala asipunguze. Persis akimkataa, ni haki yake. Asipomkataa…"

Alichukua kalamu ya Opondo, akatia sahihi mahali palipoandikwa kuacha, unga ukabaki kwenye karatasi. Kisha akafungua mlango wa tanuri, akachomoa mkate uliokuwa umeiva vizuri, akaufunga gazetini. Abner, aliyesikia hatua zake zikija, alisogea pembeni na kuinamisha kichwa zaidi.

Bochaberi akasimama kizingitini. Alikuwa karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono ulionyooka. Naye pia akageuza uso upande.

"Mpe wewe, Konstebo," akasema. "Mimi na mkwe wangu hatupeani kitu mkononi."